Kikao cha kota: Jumamosi, saa 10 jioni

Habari za jioni maafande, na wenza wetu pia. Tukutane pale mwembeni, Bloku B.

1. Chemba imefurika tena. Shimo halijajaa; ni pampasi na matambara yanayoziba bomba la inchi 4, hasa kwenye kona. Gari la maji taka la kuja kuzibua ni 120,000, nyumba 12, kila moja 10,000 kabla ya Ijumaa mchana.

2. Mliopata uhamisho: lipeni ankara ya maji (maana deni humwangukia anayeingia), pigeni picha usomaji wa mita, kisha msaini fomu ya makabidhiano. Funguo apewe msimamizi, si jirani.

Walio zamu watume mwenza. Jibuni NIPO au SIPO leo kabla ya saa 3 usiku. Asanteni.