Bangladesh sio hesabu ya maiti tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua.

Mimi msomaji wenu wa siku nyingi na lalamiko langu ni moja, kila kimbunga kikipiga Ghuba ya Bengal mnaandika wamekufa wangapi basi, kesho yake mmeshahamia kwenye mpira.

Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua laki tatu hapo Bangladesh (enzi hizo ikiitwa Pakistan ya Mashariki), wengine wanasema hata laki tano. Mei 2020 kikaja Amphan, kikubwa kweli kweli, tena katikati ya korona, wakahamishwa watu zaidi ya milioni mbili na waliokufa Bangladesh hawakufika hata hamsini. Sasa hiyo si ndio habari?

Watu wanadhani waliowaokoa ni setilaiti, haya zipo na zinasaidia, lakini kimbunga cha 1991 tahadhari ilitolewa na bado wakafa karibu laki moja na arobaini elfu. Majengo ya kukimbilia yalikuwa machache, wengine wakagoma kuacha ng'ombe zao (siwalaumu, ng'ombe ndio benki), na kina mama wengi wakabaki ndani na watoto wakisubiri baba aseme twende, ndo maana wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Kutabiri walishaweza, kumtoa mtu ndani kwake ndio ilikuwa shughuli.

Na shughuli hiyo wanaifanya majirani. Kuna mpango wa serikali na Hilali Nyekundu (ndugu wa Msalaba Mwekundu) ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, leo una watu wa kujitolea zaidi ya elfu sabini, nusu wanawake, mshahara hakuna. Bendera moja juu ya mwanzi maana yake kaa macho, mbili hatari inakuja, tatu ondoka sasa hivi, hata asiyejua kusoma anaelewa. Halafu mtu anapita na kipaza sauti na king'ora cha kuzungusha kwa mkono, nyumba kwa nyumba, anajua bibi yupi hatembei na nani kajifungua juzi, na mama akiitwa na mama mwenzie anatoka. Majengo yenyewe mengi ni shule zilizoinuliwa juu ya nguzo, na sehemu nyingine wamejaza vilima vya udongo vya kupandishia mifugo.

Ila msije mkaandika wamemaliza. Kimbunga Aila cha 2009 kilibomoa matuta ya kuzuia bahari kule Khulna na Satkhira, maji chumvi yakakaa mashambani, familia zikaishi juu ya tuta kwa miaka, na mpaka leo maji ya kunywa ni shida. Tena sio bahari peke yake, wafugaji wa kamba nao wanaingiza maji chumvi makusudi na jirani mwenye mpunga ndio anaumia, vijana wanaishia kuendesha riksho Dhaka.

Huku kwetu kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipokuja upande wa Mafia, simu zilijaa meseji za kusambazwa, hujui ipi kweli ipi uzushi. Mjumbe wa nyumba kumi tunaye, spika ya msikiti ipo, sasa nani kawapanga? Tumeni mwandishi akaulize wale elfu sabini wanafundishwaje na wanafanyaje mazoezi, mtupe ukurasa mzima, mpira mpunguze kidogo.

Msomaji wenu,
Kilwa