Kipimo cha mkojo hakisemi nani amelewa

Bwana Mhariri,

Kwa majuma kadhaa sasa ukurasa wa barua katika gazeti lenu umejaa mabishano juu ya bangi. Kuna wanaotaka serikali iihalalishe kama walivyofanya wengine, na kuna wanaotaka kila dereva, kila mwomba kazi na hata kila mwanafunzi apimwe. Nimezisoma barua hizo kwa makini, kwa kuwa mimi ni mtu wa maabara hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na vikombe vya mkojo wa vijana wanaotafuta kazi migodini hupitia mikononi mwangu. Ninalotaka kusema ni kwamba kuhalalisha bangi na kupima wafanyakazi ni mambo mawili, na pande hizo mbili zinapoyachanganya zinaacha bila kuguswa jambo linalowaumiza watu sasa hivi, yaani namna upimaji wenyewe unavyofanyika kwenye malango ya kampuni.

Mimi si mtetezi wa bangi. Anayeamini kwamba ni jani tu, lisilo na madhara, na akazungumze na wauguzi wanaopokea vijana waliochanganyikiwa akili usiku. Marufuku yake hapa kwetu ina umri mkubwa kuliko mji wenyewe: amri juu ya bangi ya kuvuta ilitolewa tarehe 1 Machi 1903, enzi za Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910. Zaidi ya karne moja imepita na harufu yake bado inasikika jioni katika mitaa yetu ya Katuba na Kenya, mbele ya polisi na mbele ya wachungaji. Nakubali kwamba marufuku haikufua dafu. Lakini katika nchi ambayo hata dawa za hospitali zinauzwa juu ya meza kando ya barabara bila mtu kuulizwa karatasi ya daktari, sioni ni nani atakayesimamia soko halali la bangi, wala atamzuiaje mtoto wa miaka kumi na minne kununua.

Msomaji mmoja aliandika kwamba Zambia imeshafungua mlango na sisi tumebaki nyuma. Sivyo. Sheria waliyoipitisha mwaka 2021 inaruhusu kulima kwa leseni, kwa ajili ya dawa, utafiti na kuuza nje. Anayevuta barabarani Chililabombwe bado anakamatwa. Malawi nayo ilipitisha sheria yake mwaka 2020 kwa mtazamo huo huo wa biashara na dawa. Aliyekwenda mbali zaidi upande wetu wa Afrika ni Afrika Kusini, ambako Mahakama ya Katiba iliamua tarehe 18 Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuvuta na kupanda bangi kwa matumizi yake ya faragha, na sheria ya kutekeleza uamuzi huo ikatiwa saini mwezi Mei 2024. Hata huko, kuuza bado ni kosa. Dereva anayetoka Kolwezi na shaba kwenda Durban anapita mpaka wa Kasumbalesa na kuvuka sheria tatu au nne zisizofanana, na mkojo wake ni ule ule katika nchi zote hizo.

Hapo ndipo penye funzo kwa mjadala wetu, kwa sababu nchi zilizofungua mlango hazikuacha kupima. Marekani ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Mwezi Januari 1987, huko Chase katika jimbo la Maryland, vichwa vya treni ya mizigo vilipita ishara ya kusimama na kuingia mbele ya treni ya abiria. Watu 16 walikufa, na ikagundulika kwamba wafanyakazi waliokuwa wakiviendesha walikuwa wamevuta bangi. Mwaka 1991 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya lazima ya kupima madereva wa malori, marubani na watu wa reli. Tangu kura za Colorado na Washington mwaka 2012 majimbo mengi yameruhusu bangi hata kwa starehe, lakini dereva wa lori anayevuka mipaka ya majimbo bado anapimwa, na akikutwa nayo hawekwi tena nyuma ya usukani mpaka apitie utaratibu maalumu. Kwa upande mwingine, California imewazuia waajiri wengi, tangu tarehe 1 Januari 2024, kumwadhibu mtu kwa mabaki tu yaliyokutwa mwilini mwake. Ujerumani, iliyoruhusu bangi kwa watu wazima mwezi Aprili 2024, iliweka miezi michache baadaye kiwango cha nanogramu 3.5 kwa mililita ya majimaji ya damu kwa anayeendesha gari. Wote hao wanapima. Walichobishania ni nini kinapimwa, kwa nani, na kwa sababu gani.

Sisi hatujabishania hilo hata kidogo, na upimaji wenyewe unaendelea kila asubuhi.

Naomba nieleze kinachotokea langoni, maana wengi wanaoandika hawajakiona. Kijana hupewa kikombe, huingia chooni huku mlinzi akisimama mlangoni, hurudi nacho kikiwa bado na joto la mwili. Joto hilo ni muhimu, kwani mkojo uliopoa hutia shaka kwamba ni wa mtu mwingine. Kipande cha kupimia huchovywa, na baada ya dakika tano husomwa. Kipande hicho hakitafuti bangi inayolewesha. Kinatafuta mabaki yake, yaani kile ambacho ini limekwisha kukigeuza, na kwa kuwa kemikali ya bangi hujificha katika mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo, mabaki hayo huendelea kuonekana muda mrefu baada ya ulevi kwisha. Aliyevuta mara moja huweza kukutwa nayo siku mbili tatu baadaye. Anayevuta kila siku huweza kukutwa nayo majuma kadhaa baada ya kuacha kabisa. Kwa hiyo kipimo kikisema ndiyo, maana yake ni kwamba mtu huyu alivuta wakati fulani. Kama amelewa saa hii, au kama anaweza kushika usukani wa lori lililobeba tindikali, hilo hakilisemi. Mate yangetusaidia zaidi, kwa kuwa huonyesha zaidi uvutaji wa saa chache zilizopita.

Kuna tatizo jingine ambalo kwangu ni la aibu zaidi, kwa sababu halihitaji sayansi kubwa kulitatua. Wauguzi wetu wamezoea kipimo cha haraka cha malaria na kile cha ujauzito, ambavyo mstari wa pili ukitokea, ugonjwa upo au mimba ipo. Kipimo cha bangi husomwa kinyume chake: mstari wa pili ukitokea, hata ukiwa hafifu kiasi cha kuutafuta kwenye mwanga wa dirisha, mtu yuko salama; usipotokea, ndipo anapohesabiwa kuwa nayo. Nimewahi kuletewa kijana aliyekwisha kunyimwa kazi na mkandarasi mmoja mdogo, ambaye jina lake nitalihifadhi, kwa sababu aliyempima aliona mistari miwili akaandika kwamba ana bangi. Picha ya kipande alikuwa nayo kwenye simu yake, na mistari yote miwili ilionekana bila shida. Nilimwandikia karatasi ya kueleza kosa hilo, akaipeleka, akajibiwa kwamba nafasi imeshapewa mtu mwingine. Hakuna aliyemwomba radhi, na sidhani kama yule aliyempima aliwahi kuelezwa.

Hata kipande kikisomwa sawasawa, hakitoshi peke yake. Kila kiwanda kinachovitengeneza huandika kwenye karatasi ya maelezo kwamba jibu ni la awali na linahitaji kuthibitishwa kwa mashine inayotenganisha kemikali moja moja. Karatasi hiyo hukunjwa na kutupwa pamoja na boksi. Kuna dawa zinazoweza kukidanganya kipimo, na mojawapo inatuhusu sana: efavirenzi, iliyokuwa ndani ya vidonge walivyopewa wagonjwa wengi wa virusi vya ukimwi kwa miaka mingi, kabla ya dolutegraviri kuchukua nafasi yake. Baadhi ya vipimo vya haraka huisoma kama bangi. Fikirini sasa mama anayepika katika kantini ya kampuni, ambaye bado anameza dawa hiyo kila usiku na hajawahi kuvuta kitu maishani mwake. Akiambiwa ana bangi, atajitetea kwa kutoa siri ambayo sheria ya tarehe 14 Julai 2008 ya haki za wenye virusi vya ukimwi inamlinda asilazimishwe kuitoa, au atakaa kimya na kupoteza kazi. Wanaodai kila mtu apimwe kila mahali hawajamfikiria mama huyu.

Upande wa pili, vipande hivi haviwaoni wale ambao tungepaswa kuwaogopa zaidi. Sehemu ya kipande inayotafuta afyuni na heroini haikamati tramadoli, dawa ya maumivu ambayo madereva wa safari ndefu wanaijua vizuri na ambayo hawahitaji daktari kuipata. Lutuku nayo, pombe yetu kali ya kienyeji, hata ile iliyonywewa Jumapili mpaka usiku wa manane, kwa kawaida haionekani tena kwenye pumzi ifikapo mchana wa Jumatatu, ingawa mikono bado inatetemeka na macho hayajatulia. Vijana wanalielewa hilo kuliko wakubwa wao wa kazi. Nimewasikia wakishauriana waziwazi kwenye benchi la kusubiri: acha bangi mwezi mmoja kabla ya kupimwa, kunywa kingine. Hivyo tumetengeneza utaratibu unaowahamisha watu kutoka bangi kwenda lutuku na vidonge, na tunaliita jambo hilo usalama kazini.

Sisemi kampuni ziache kupima. Barabara ya kutoka hapa kwenda Likasi na Kolwezi inajulikana. Mwezi Februari 2019 lori la tindikali lilipata ajali upande wa Kolwezi na watu wengi waliangamia, na yeyote aliyewahi kupishana na malori hayo usiku, moja likijaribu kulipita jingine mlimani, anajua kwa nini mtu mwenye usukani hana budi kuwa na akili timamu. Anayeendesha lori, anayeshika baruti, anayenyanyua mizigo kwa mashine kubwa apimwe, na apimwe bila taarifa, kwa mate na kwa pumzi, siku ya kazi yenyewe. Lakini karani wa ofisini, mpishi na mfagizi wanapimwa mkojo kwa ajili ya ajali gani? Mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kazi ya Afrika Kusini ilishughulikia kesi ya mfanyakazi wa ofisini aliyefukuzwa baada ya mkojo wake kuonyesha bangi, ingawa hakugusa mashine yoyote na hakulewa kazini. Mahakama ikaona kwamba alibaguliwa isivyo haki. Haikusema kwamba dereva aje kazini amevuta. Ilitofautisha kazi na kazi, jambo ambalo wakaguzi wetu wa kazi wanaweza kulifanya bila kusubiri Kinshasa ibadilishe neno lolote katika sheria ya bangi.

Naona aibu kidogo kuongeza kwamba upimaji unaishia kwa watu wa chini. Vibarua na wafanyakazi wa makampuni madogo ya ukandarasi hupimwa kwanza na mara nyingi zaidi, na wao ndio wasio na chama wala mkataba wa kudumu wa kuwatetea. Sijawahi kupokea kikombe cha mkurugenzi.

Ninachowaomba wakaguzi wa kazi wa Haut-Katanga, na wabunge wa jimbo wanaojiandaa kuzungumza juu ya bangi kwenye redio, ni mambo machache tu yasiyo na gharama kubwa. Mkojo ugawanywe katika vichupa viwili na kimoja kifungwe mbele ya mwenyewe, ili akikataa jibu kiwepo cha kupimwa tena mahali pengine. Mtu asifukuzwe wala asinyimwe kazi kwa jibu la kipande peke yake. Orodha ya dawa anazomeza aelezwe daktari tu, si afisa wa wafanyakazi, na daktari huyo ndiye atoe neno la mwisho kama anafaa kazi au hafai. Na mpimwaji aonyeshwe kipande chake, mistari yote, kabla ya kuambiwa aweke saini. Kama gazeti lenu lina nafasi, naomba mchapishe picha ya kipande cha aina hiyo, cha mtu asiye na bangi na cha aliye nayo, ili vijana wanaokwenda malangoni Jumatatu wajue wanachotakiwa kukiangalia.

Wenu mtiifu,
Mfanyakazi wa maabara, Kampemba, Lubumbashi