Kumfungia mraibu wa pombe chumbani ni hatari

Mhariri,

Huku Kisumu mtu anayemaliza chupa nyingi bila kupepesuka husifiwa. Sifa hiyo inawapoteza jamaa zake. Mwili ukishazoea pombe hudai nyingi zaidi ili upate kile ambacho zamani chupa mbili zilitosha kuleta, na hiyo ni mojawapo ya dalili za mapema za utegemezi.

Kiasi nacho huhesabiwa vibaya. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi. Chupa ndogo ya pombe kali, mililita 250 kwa asilimia 40, ina karibu gramu 80, yaani bia nne, lakini mnywaji atakuapia kwamba amekunywa kachupa kamoja tu. Busaa ya mirija katika chungu cha wengi haihesabiki, na nguvu ya chang'aa hubadilika kila inapopikwa.

Kwa hivyo sisi tunaowahudumia waraibu huuliza habari za asubuhi kuliko za jioni. Je, mikono hutetemeka hata chai ikamwagika? Hutokwa jasho na kutapika, kisha hutulia akishatoa loki, yaani akishakunywa pombe ya asubuhi ya kuondoa uchovu wa jana? Anayekunywa kwa kiasi akikaa wiki nzima bila pombe hukosa starehe tu. Mwili wake haumdai.

Familia zikishatambua tatizo, nyingi humfungia mgonjwa chumbani ili aache siku hiyohiyo. Tunawasihi wasifanye hivyo. Pombe hupooza ubongo, nao ubongo kwa miaka hujiongezea kasi ili kushindana nayo. Pombe ikikatizwa ghafla, ile kasi hubaki bila kizuizi. Mtetemeko huanza saa chache tu baada ya tone la mwisho. Kifafa huweza kumwangusha ndani ya saa 48. Siku ya pili au ya tatu huenda akapandwa na homa, akaweweseka na kuona wadudu wasiokuwepo ukutani. Majirani husema malaria imepanda kichwani, au karogwa, na wakati unapotea. Asipotibiwa anaweza kufa.

Mpelekeni hospitali kabla hajaacha, na mseme ukweli: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, alikunywa lini mara ya mwisho, na kama amewahi kuanguka kifafa. Kwa kawaida hupewa dawa ya kutuliza kama diazepamu, inayopunguzwa siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1. Vitamini hiyo hutangulia dripu ya glukosi, la sivyo ubongo huweza kudhurika. Msijinunulie diazepamu dukani: ikichanganyika na pombe huweza kuzima pumzi.

Asiyejua pa kuanzia apige 1192, nambari isiyotozwa ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Washauri nasaha wa waraibu,
Kisumu