Tunabaki Arles hadi Jumapili

Habari za jioni wapendwa. Wengi mmeomba tusiikimbie Arles, mji huu wa kusini mwa Ufaransa, nami nimefurahi mno: tunaongeza siku tatu. Jumamosi asubuhi tutakwenda soko la Boulevard des Lices. Njooni na vikapu, na tumbo msilijaze hotelini. Kuna mabeseni ya zeituni na jibini la mbuzi la kuonja. Uwanja wa Warumi, wenye zaidi ya miaka 1,900, ni wa mchana. Mama zetu wenye kuumwa magoti, ngazi tutapanda polepole, haachwi mtu. Jioni ni kando ya mto Rhône, ambako mchoraji Van Gogh alichora usiku wa nyota mwaka 1888. Bebeni makoti, upepo wa mistral unapenya hadi mifupani hata jua likiwaka.

Asiyeweza kubaki aniambie leo kabla ya saa tatu usiku, nishughulikie tiketi yake ya treni.