Bwana Schneider, Wagner alistahili kusikia kutoka kwako

Kent, Washington
Machi 11, 2022

Kwa Bwana John Schneider,
Meneja Mkuu, Seattle Seahawks

Bwana Schneider,

Mimi sikukulia katika mpira wenu wa Kimarekani. Nilipohamia hapa kutoka Mombasa, mwenzangu kazini aliniambia: ukitaka kuuelewa mchezo huu, achana na mpira wenyewe, mtazame namba 54. Nikamtazama. Kabla mpira haujarushwa nyuma, Bobby Wagner yuko pale katikati ya safu ya ulinzi, anapaza sauti, ananyoosha kidole, anamsogeza huyu hatua mbili kushoto, anamrudisha yule. Mpira ukitoka, mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kumfikia aliyeubeba. Oktoba 2016 kule Arizona aliruka juu ya wapinzani walioinama kwenye mstari, akauzuia mkwaju uliokuwa unaelekea golini. Mechi ile iliisha 6-6. Nyumbani kwangu tulipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Jumanne, siku ileile mliyokubaliana na klabu ya Denver kumpeleka kwao Russell Wilson, mrushaji wetu mkuu wa mpira, habari zikatoka kwamba mnamwacha Wagner pia.

Hesabu yenu naielewa. Ligi imeweka kikomo cha mishahara, na kumwacha kunawafungulia dola zaidi ya milioni 16. Ana miaka 31. Msimu uliopita tulishinda mechi 7 tukapoteza 10, na Jordyn Brooks, kijana aliyekuwa anacheza pembeni yake, ameiva. Wanaosema kasi ya Wagner imepungua siwaiti waongo. Mimi ningembakiza kwa mshahara mdogo zaidi, maana mtu aliyeshiriki kuwaangusha wapinzani mara 170 msimu huohuo hajachoka. Lakini hilo ni la kubishaniwa, na kazi ya kuamua ni yako.

Lisilobishaniwa ni jinsi Wagner alivyopata habari. Ameandika mwenyewe hadharani kwamba amecheza hapo miaka 10 na hata hakusikia kutoka kwenu kuwa harudi. Limeniuma sana neno hilo. Kumbuka, Bwana Schneider, Wagner hana wakala. Mkataba wa 2019, wa dola milioni 54 kwa miaka mitatu, aliujadili mwenyewe na klabu yako. Hakukuwa na mtu mwingine wa kupigiwa wala wa kupelekewa ujumbe. Simu ilikuwa moja tu, na huyu ni mtu aliyewasaidia kulibeba kombe la Super Bowl, fainali ya ligi, Februari 2014, kwa 43-8.

Naomba mambo mawili. Mwite Renton, kwenye makao ya klabu, mkae naye ana kwa ana, umwombe radhi. Na jezi namba 54 msimpe mchezaji mwingine msimu huu.

Wako,
Shabiki wa Seahawks, Kent