Barua kwa vijana wetu wa Utah mnaoondoka kanisani

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliolelewa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hapa kwenye bonde la Salt Lake, watoto wa familia zilizotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, ambao imani imewatoka na hamjui mwanzie wapi. Mmekuja sebuleni kwangu mmoja mmoja, mara nyingi usiku, mkizungumza kwa kunong'ona ingawa kwangu hakuna wa kuwasikia. Kila mmoja anadhani yuko peke yake. Nimeona ni heri niseme mbele ya wote yale ninayowaambia faragha.

Mnanifahamu. Nilibatizwa Nairobi miaka ya tisini, nikautumikia ukuhani kwa moyo wote, na leo siamini tena. Mke wangu anaamini. Jumapili mimi ndiye ninayempeleka kwenye tawi la Kiswahili na mimi ndiye ninayemrudisha. Nyumbani maziwa na tangawizi huchemka kwenye sufuria moja. Yeye anakunywa hivyo hivyo kwa sababu ya Neno la Hekima, lile katazo la Kanisa juu ya chai, kahawa na pombe; mimi natia majani ya chai kwenye kikombe changu. Kufika hapo kulituchukua miaka, na si kila nyumba itafika. Lakini inawezekana.

Ninalowaomba ni hili: msichanganye kupoteza imani na kuondoka kanisani. Imani huondoka bila kuomba ruhusa, wala hakuna awezaye kuulazimisha moyo uamini tena. Kuondoka kwenyewe kuna siku yake, kuna mpangilio wake, na kuna watu wa kuwafikiria. Nimeona kijana akiyamaliza yote kwa usiku mmoja. Aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na shangazi wa Lubumbashi akajua kabla ya mama aliyelala chumba cha pili.

Wengi wenu mlianzia kwenye suala la rangi, nami nawaelewa. Umekua ukiimba nyimbo za waanzilishi kila tarehe 24 Julai, siku ya kukumbuka kufika kwao bonde hili, halafu siku moja unasoma kwamba kwa zaidi ya karne mtu mweusi alinyimwa ukuhani, hadi Juni 1978. Unasoma habari za Elijah Abel, mtu mweusi aliyetawazwa mwaka 1836, enzi za Joseph Smith mwenyewe, mwanzilishi wa Kanisa, na kwamba mrithi wake Brigham Young ndiye aliyelitangaza katazo hadharani mwaka 1852. Unasoma habari za Jane Manning James, mwanamke mweusi aliyefika bonde hili mwaka 1847, akaomba miaka na miaka apokee baraka zake kamili za hekaluni, akanyimwa, akafa mwaka 1908. Si uzushi wa maadui. Desemba 2013 Kanisa lenyewe lilitoa maelezo juu ya katazo hilo na kuzikanusha nadharia za zamani kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana. Kwa hiyo ukiambiwa umepotoshwa na intaneti, jibu kwa upole kwamba ulisoma kwenye tovuti ya Kanisa. Wengine mlikwama kwenye wake wa Joseph Smith, wengine kwenye Kitabu cha Ibrahimu, andiko alilosema amelitafsiri kutoka mafunjo ya Misri, na yale mafunjo ambayo wataalamu wa Misri wanasema ni maandishi ya maziko. Huko siingii. Mmesoma vya kutosha.

Ila usiuchukue mwaka 1852 ukampiga nao mama yako. Yeye hakubatizwa kwa ajili ya Brigham Young. Mlitua uwanja wa ndege mkiwa na ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, na wiki ileile dada wawili wa kata, yaani usharika wa mtaa wenu, wakaleta magodoro, wakamfundisha kupanda basi, wakakaa naye hospitali alipokuwa hajui hata neno la kumwambia daktari. Hayo yalitendeka kweli, na yatabaki kweli hata kama mafundisho yote si kweli. Kijana anayesema kwamba kila kitu kilikuwa uongo anamnyang'anya mama yake kumbukumbu ambayo ni halali yake. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Kisha fikiri nini hasa anachokisikia ukimwambia huamini. Amefundishwa kwamba familia huunganishwa hekaluni kwa milele yote. Wazazi wenu wameacha makaburi Kivu, wameacha makaburi kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma. Fundisho hilo ndilo lililowaambia kwamba yule mtoto aliyezikwa kambini watamwona tena, na kwamba siku hiyo hakuna wa nyumba yao atakayekosekana. Sasa wewe uliyefika salama, uliyemaliza shule, unamwambia umetoka. Masikioni mwake maana yake ni kwamba na wewe amekupoteza, tena mara hii milele. Machozi yake ni msiba. Usiyaite hila za kukurudisha, hata kama yanakubana, na usibishane nayo. Kaa naye kama unavyokaa na mfiwa.

Na usiende peke yako. Kwetu jambo zito mtoto halipeleki kwa wazazi akiwa peke yake; hutanguliwa na mjomba, shangazi, au mzee anayeheshimika pale nyumbani. Mtafute, hata kama yeye ni muumini. Wapo waumini wenye busara kuliko wengi waliotoka. Zungumza kwa lugha ya nyumbani, Kiswahili au Kibembe, usizungumze Kiingereza ambacho wewe unakimudu na yeye kinampiga chenga. Usichague Jumapili ya mfungo. Usibebe karatasi za ushahidi. Mwambie yale ambayo hayatabadilika: utakuja kula Jumapili, utampeleka kwa daktari, utaendelea kumsomea barua za serikali na za bima. Halafu, wanangu, timizeni. Mwaka wa kwanza atakuwa akiangalia hilo tu.

Kuhusu misheni nitasema bila kupindapinda. Tangu mwaka 2012 mvulana anaruhusiwa kwenda akiwa na miaka 18, na hapa Utah asiyekwenda huulizwa na kila mtu. Usiende ili kumfurahisha baba. Ni miaka miwili ya kubisha hodi kwa watu, pengine maskini kuliko sisi, ukiwaambia kwamba unajua kuwa jambo fulani ni kweli wakati hujui. Kunyamaza mbele ya wazazi kwa muda naweza kukuelewa. Kumfundisha mgeni kile usichokiamini ni kumdanganya mtu ambaye hajakukosea lolote.

Mnaosoma BYU, chuo kikuu cha Kanisa kule Provo, nisikilizeni kwa makini, kwa kuwa hapa haraka huharibu maisha. Mwanafunzi aliyeingia kama muumini kisha akaondoa jina lake rasmi kwenye kumbukumbu za Kanisa hupoteza idhini ya kidini, na bila idhini hiyo hawezi kuendelea na masomo. Mwenzake ambaye hakuwahi kuwa muumini anasoma palepale bila tatizo, lakini aliyetoka haruhusiwi. Naliona jambo hilo si haki, ila ndivyo kanuni ilivyo. Basi usiandike barua ya kujiondoa kwa hasira mwezi Februari ukajikuta nje kabla ya mitihani. Wala sikushauri ukae miaka mitatu ukimdanganya askofu, kiongozi wa kata yako, kwenye mahojiano ya kila mwaka ya idhini hiyo. Hiyo inaoza ndani. Nenda ukaulize Utah Valley University pale Orem, au Chuo Kikuu cha Utah, ni masomo yako mangapi watayakubali, uhamie ukiwa na hadhi yako yote. Kazi nazo zitazame vivyo hivyo: ajira nyingi za Kanisa hudai kibali cha kuingia hekaluni. Jua utakula wapi kwanza.

Hiyo barua ya kujiondoa yenyewe haina haraka. Ni haki yako, kwa ombi la maandishi, na hakuna awezaye kukuzuia. Lakini jua inachokifuta: ubatizo, ukuhani, na kule kuunganishwa na wazazi. Kwako huenda hayo ni maneno matupu. Kwa mama ni kiti chako kwenye ile familia ya milele. Wapo wanaohitaji kuiandika ili wapumue, na wapo walioacha tu kuhudhuria na miaka inakwenda. Wote nimewaona wakiwa na amani.

Harusi ndiyo itakayowauma kuliko mnavyodhani. Dada yako ataolewa hekaluni na wewe utangoja nje ukishika maua, kwa sababu asiye na kibali haingii. Zungumza naye mapema, kabla mipango haijakaa. Tangu Mei 2019 Kanisa limeondoa ule mwaka wa kusubiri kwa waliotangulia kufunga ndoa ya kiserikali, kwa hiyo wachumba wanaweza kufunga ndoa ya kiserikali mbele ya watu wote kisha wakaenda hekaluni bila kuchelewa. Mwombe, usimdai. Akikataa, vaa vizuri, ngoja nje, na uwe wa kwanza kumkumbatia akitoka.

Juu ya pombe: wengi wakitoka hutaka kujaribu kila walichokatazwa kwa mwezi mmoja. Chai na kahawa kunyweni kwa raha zenu. Pombe iendeeni taratibu sana au muiache. Hamkukulia kwenye nyumba iliyowafundisha kunywa kwa kiasi, na mkiharibikiwa mtaa mzima utasema ndiyo matunda ya kuasi.

Wazazi mtakaoisoma barua hii, na najua mtaisoma: msiwaulize watoto ni dhambi gani waliyoificha, wala nani aliwaudhi. Wengi wao walisali hadi magoti yakauma kabla hawajafika hapa.

Limebaki lile linalowanyima usingizi wengine, na mmoja wenu alilisema wazi: nikitoka, nani atanizika? Swali la haki. Hapa kata hupangwa kwa anwani, kwa hiyo majirani zako ndio hao hao wa kanisani, na msiba ukitokea ni Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama unaoleta chakula, na askofu anayetoa msaada wa sadaka za mfungo. Ukitoka bila kuandaa kingine, umebaki mtupu. Zaka ilikuwa asilimia kumi ya mapato yako. Usiimalize yote kwa viatu. Mtumie bibi yako kule nyumbani, na sehemu iweke kwenye mfuko wa kuzikana.

Mfuko huo tumeanza kuujadili, familia za waumini na zisizo za waumini, za Kongo na za Kenya, na tumekubaliana kwamba kwenye fomu hakutakuwa na swali la dini. Utasaidia jeneza, usafiri wa mwili kwa wanaotaka kuzikwa kwao, na chakula cha matanga. Mke wangu amejitolea kusimamia jikoni. Tunahitaji katiba iliyoandikwa vizuri, akaunti ya benki, na mtu wa kutuelekeza jinsi ya kuusajili katika jimbo hili. Wazee hatuyawezi hayo. Ninyi mmeyasomea, basi mje, na anayeweza amlete mama yake.

Mzee wenu,
Bonde la Salt Lake