Tubane kona kwanza, taa baadaye

Ndugu Mhariri,

Mtu akigongwa kwenye makutano hapa Tabora, kinachodaiwa ni matuta au taa. Kona yenyewe haiguswi, na ndiyo inayompa dereva mwendo.

Chukua mtaa wenye upana wa mita 7 unaoingia barabara kubwa. Ukingo wa kona zake ukijengwa kwa mviringo wenye nusukipenyo cha mita 12, bajaji au gari dogo hukata kushoto bila kupunguza mwendo wa maana. Kivuko kikiwekwa mita 3 ndani ya mtaa, mvukaji anakuta upana umeshafika mita 15. Mzee anayetembea mita 1 kwa sekunde anakaa sekunde 15 mbele ya magari. Bana kona hadi nusukipenyo cha mita 4: upana unarudi mita 7 na kidogo, na dereva hapindi mpaka ashuke hadi kilomita 15 au 20 kwa saa.

Mwenye baiskeli ananufaika zaidi. Kwa kona pana za sasa, yeye ananyoosha, gari linampita kisha linamkatia kushoto. Akiwa amepakia magunia ya mkaa, hana breki ya kusimama ghafla wala namna ya kukwepa.

Tutaambiwa Fuso halitapinda. Litapinda. Nafasi kati ya ukingo mpya na wa zamani itandazwe mawe yaliyoshikwa kwa zege, yainuke sentimita 5. Tairi la nyuma la lori litapanda, gari dogo litakwepa. Bodaboda wachache watapita humo humo, tusidanganyane.

Kazi huharibikia kwenye maji. Ukingo mpya ukiziba mtaro, mvua za kwanza tu dimbwi linatuama kwenye kivuko, na watu wanaenda kuvukia kwingine. Bomba jembamba halifai. Kwa mchanga wetu na majani ya miembe litaziba. Ujengwe mfereji wenye mifuniko ya zege inayofunuliwa. Kama mifuniko ni ya nondo, nondo zikingame njia ya baiskeli, la sivyo tairi linazama katikati yake.

Kabla ya kumwaga zege, TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na manispaa wajaribu kona moja kwa rangi na madramu ya mchanga, yaliyokatwa nusu ili mtoto anayevuka aonekane, na maegesho yazuiwe mita 10 kutoka kona. Baada ya mwezi, alama za tairi kwenye rangi zitaonyesha lori linahitaji nafasi kiasi gani hasa. Ukingo ujengwe kwa kufuata alama hizo.

Mafundi wa barabara,
Tabora